Riwaya za kwanza utazipata wapi Kampala

Ndugu yangu, umeuliza utazipataje riwaya za waandishi wapya wakati maduka ya Kampala yamejaa vitabu vya shule. Mimi ningeanza na tuzo za miswada, yaani vitabu ambavyo bado havijachapishwa, kwa sababu huko mwandishi huonekana kabla kitabu hakijafika dukani. Mwandishi wa Uganda, Jennifer Nansubuga Makumbi, alishinda shindano la miswada la Kwani?, wachapishaji wa Nairobi, mwaka 2013, Kintu, riwaya yake ya kwanza, ikachapishwa Nairobi mwaka uliofuata. Aliyefuatilia shindano lile alimjua mapema. Kwa Kiswahili, fuatilia tuzo ya fasihi ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Usisome jina la mshindi tu. Andika majina yote ya orodha fupi, yaani waliofika hatua ya mwisho, maana wengi wao kitabu chao cha kwanza bado kinakuja.

Pia nenda FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, hapo Kampala. Waulize vitabu vyao na vikao vya usomaji. Mkusanyiko wa hadithi fupi usiudharau: ukipenda kurasa kumi za mtu, mtafute.

Na ukikipata kitabu, tafadhali kinunue. Nakala za kwanza ndizo zinazompa mwandishi mpya nafasi ya kuchapishwa tena.