Saa sita mezani, kazi ya saa moja

Kwa miezi mitatu nilikuwa nikifunga laptopu saa saba usiku, macho mekundu, shingo imekaza, nikijiambia kwamba leo Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nimeisoma kwelikweli. Kisha binamu yangu akaniomba nimtengenezee programu ndogo ya kujumlisha michango ya chama chao cha pale Kibuye, hapa Kisumu. Nikakaa mbele ya skrini tupu nisijue nianzie wapi.

Ndipo nikaweka ActivityWatch. Ni programu ya bure inayokaa kimya kwenye mashine na kuandika umefungua dirisha gani na kwa muda gani. Rekodi zinabaki kwenye kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo haili bando. Jioni ya kwanza iliniumbua. Saa sita mezani, na katika hizo, saa moja na dakika kumi tu kwenye faili zangu. Kwingine kote nilikuwa YouTube nikitazama watu wakiandika programu zao. Ni sawa na kushinda ufuoni Dunga ukila ngege, kisha urudi nyumbani ukidai umevua.

Nikatafuta wenzangu. Tukawa wanne: fundi wa simu, mwalimu wa chekechea, mwanafunzi mmoja na mimi. Tunakutana Jumamosi chumbani kwangu Kondele. (Mwanzoni tulizoea kusema “kodi yangu imekataa,” tukimaanisha code, yaani maandishi ya programu, mpaka mama mwenye nyumba akabisha hodi kuuliza ni nani huyo ana shida ya kulipa. Siku hizi tunasema programu.)

Tulianza vibaya. Kila mmoja alikuwa akitangaza saa zake za wiki, na ikageuka mashindano. Namba zikapanda, kazi ikabaki palepale. ActivityWatch, usipoibadilisha mipangilio, hukuhesabu kuwa umeondoka ukipitisha dakika tatu bila kugusa kibodi wala kipanya. Basi mmoja wetu akawa anatikisatikisa kipanya huku anapiga gumzo kwa simu. Sitamtaja, ila ndiye anayekuandikia.

Kilichotuzindua ni ile programu ya chama. Niliandika shilingi 200 za mtu wa kwanza, 200 za wa pili, nikangoja 400. Ikanipa 200200. Peke yangu nilikuwa nimehangaika nayo siku mbili. Mwalimu wa chekechea akauliza swali moja tu: “Kwani umeiambia hizo ni hesabu ama ni maandishi?” Kumbe kila unachopokea kwa input(), amri inayosoma anachoandika mtumiaji, huingia kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, na ukijumlisha maandishi Python huyapanga tu sako kwa bako. Lazima uyapitishe kwanza kwenye int(), inayoyageuza kuwa namba. Alitueleza kwa vipande vya karatasi, kama anavyowafanyia watoto wake, nasi tukachora daftarini dakika arubaini hivi. Usiku nilipofungua rekodi, muda huo wote, nilipojifunza kuliko wiki nzima, umeandikwa kwamba sikuwepo.

Tangu hapo saa za mtu ni siri yake. Mimi hutazama kitu kimoja tu: kipande kirefu zaidi nilichofanya kazi bila kurukia dirisha lingine. Kikifika dakika hamsini ninaridhika, hata kama jumla ya siku ni ndogo. Jumamosi kila mtu huleta programu moja iliyomshinda na kuieleza mstari kwa mstari, na ni marufuku kugusa kibodi ya mwenzako. Hili la kibodi ndilo gumu. Fundi wa simu vidole humwasha kweli, lakini akikurekebishia utaondoka na programu inayofanya kazi na kichwa kilekile ulichokuja nacho.

Mengine ni madogo. Someni lugha moja wote. Msizidi wanne au watano. Tulipofika saba, watatu walikuwa watazamaji. Asiye na laptopu akae na mwenye nayo, na yeye ndiye aandike. Nyaraka za Python pakua mapema kwenye tovuti yao, maana stima ikipotea, intaneti ya nyumba huenda nayo.

Programu ya chama sasa inajumlisha vizuri, ila mtu akilipa kwa awamu mbili inamhesabu kuwa watu wawili. Binamu anasema kwenye karatasi chama kimeongezeka wanachama sita. Hiyo ndiyo kazi ya Jumamosi hii.