Mnyororo wa futi 66

Mhariri, wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: "Ni chombo kipi hasa kilichowapa Wamarekani nchi yao ya magharibi: bunduki, reli au seng'enge?" Jibu langu halimo katika hivyo vitatu. Nasema ni mnyororo wa kupimia ardhi, ambao sisi kazini tunauita cheni. Nimekuwa mpima ardhi kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na najua mtanikumbusha kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hata hivyo naomba nafasi nieleze, maana jambo hili nimelibeba moyoni tangu chuoni.

Cheni ninayoisema ilibuniwa na Mwingereza Edmund Gunter mwaka 1620. Ina urefu wa futi 66 na pingili 100. Cheni 80 ni maili moja. Ukipima cheni moja upana na cheni kumi urefu, umepata ekari moja kamili, na Gunter aliikata hivyo makusudi. Mkulima wa kwetu anayetembea hatua 70 kwa 70 na kusema hii ni ekari anaishika hesabu hiyo hiyo kwa miguu yake.

Vita vya kujitoa mikononi mwa Uingereza vilipomalizika mwaka 1783, Marekani ilikuwa taifa lenye madeni makubwa na Bunge lisilo na mamlaka ya kutoza kodi. Ilichokuwa nacho ni madai ya ardhi ng'ambo ya mto Ohio, ambayo Waingereza waliikabidhi katika mkataba wa Paris bila kuwauliza waliokuwa wakiishi humo: Washawnee, Wamiami, Wadelaware na wengine. Basi tarehe 20 Mei 1785 Bunge likapitisha sheria kwamba nchi ile ikatwe miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba ugawanywe vipande 36 vya ekari 640, na kila ekari iuzwe kwa bei isiyopungua dola moja. Kipande cha 16 kiwe cha shule. Mpimaji atangulie, mnunuzi afuate.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Kabla ya hapo, na hata leo mahali pengi duniani, watu huingia kwanza katika ardhi, wakafyeka, wakazika wafu wao, na mpimaji huja nyuma yao kuandika alichokikuta. Sheria ya 1785 iligeuza utaratibu huo. Mtu aliyekaa Philadelphia au New York aliweza kununua kipande namba fulani katika mraba fulani asiouona kamwe, na akaamini kwamba ni chake. Nchi ambayo mguu wake haujaikanyaga ilikuwa tayari imekuwa namba, na namba haihitaji kumwuliza mtu ruhusa ya kupita.

Kazi ilianza tarehe 30 Septemba 1785, kwenye ukingo wa mto Ohio, mahali mpaka wa Pennsylvania unapofika majini. Aliyeiongoza ni Thomas Hutchins, mwanajiografia wa serikali. Hawakwenda mbali mwaka ule. Walisikia habari za mashambulizi, wakakunja vyombo vyao na kurudi. Wenyeji walizielewa cheni zile kabla ya wanunuzi wenyewe kuzielewa. Tarehe 4 Novemba 1791, wapiganaji wakiongozwa na Little Turtle wa Wamiami na Blue Jacket wa Washawnee walilivunja jeshi la Marekani karibu na mto Wabash na kuua askari zaidi ya 600. Ilibidi lije jeshi jingine, lishinde mwaka 1794 mahali paitwapo Fallen Timbers, na mwaka uliofuata mkataba wa Greenville uwanyang'anye wenyeji sehemu kubwa ya jimbo tunaloliita leo Ohio. Kwa hiyo sikatai kazi ya bunduki. Lakini tazama ilikuwa inafanya kazi gani: kumsafishia mpimaji njia.

Na reli? Sheria ya reli ya Pasifiki ya mwaka 1862 iliwalipa wajenzi kwa vipande vya ardhi, kimoja wao, kinachofuata serikali, kama ubao wa drafti, pande zote mbili za njia. Bila miraba kusingekuwa na cha kuwapa. Seng'enge iliyopewa hataza na Joseph Glidden mwaka 1874 ilisimama pale pale mpimaji alipopita.

Nataka niwe mwadilifu kwa kazi ambayo imenilisha, kwa hiyo niseme na uzuri wake. Kule Kentucky, kusini mwa Ohio, ardhi ilipimwa kwa mtindo wa zamani: kutoka mwaloni mkubwa hadi jiwe, kutoka jiwe hadi kijito. Mwaloni ukaanguka, kijito kikahama. Shamba moja likadaiwa na watu wawili au watatu, wote na karatasi mkononi. Mmoja wa waliopoteza mashamba kwa kesi kama hizo ni seremala na mkulima Thomas Lincoln, ambaye mwaka 1816 alihama na familia yake kwenda Indiana, ambako miraba ilikwisha kupimwa. Mwanawe Abraham alikuwa na miaka saba. Kijana huyo alipokua akawa mpima ardhi wa kijiji cha New Salem, Illinois, kuanzia 1833. Alivuta cheni kwa mikono yake mwenyewe. Na yeye ndiye, akiwa rais, aliyetia sahihi, tarehe 20 Mei 1862, sheria iliyompa kila mkuu wa kaya au mtu aliyetimiza miaka 21 ekari 160 za bure, robo ya kipande, ilimradi alipe ada ndogo, ajenge nyumba, alime na akae miaka mitano. Wanawake wasioolewa walistahili. Wahamiaji waliokusudia kuwa raia walistahili. Watu waliotoka utumwani nao waliingia: mji wa Nicodemus, Kansas, ulioanzishwa mwaka 1877 na watu weusi kutoka Kentucky, upo hadi leo. Hati zilizotolewa kwa sheria ile ni zaidi ya milioni 1.6, kwa ardhi ya ekari milioni 270, eneo linaloizidi Tanzania yote. Maskini asiye na wakili aliweza kuonyesha shamba lake kwa namba tatu na hakuna wa kumhamisha. Hilo si jambo dogo, na mpimaji yeyote aliyewahi kukaa mahakamani katika kesi ya mpaka anajua ninachosema.

Lakini mwaka huo huo wa 1862, kule Minnesota, Wadakota, wenyeji wa huko waliokwisha kubanwa katika ukanda mwembamba kando ya mto walikuwa wakifa njaa, kwa sababu malipo waliyoahidiwa badala ya ardhi yao yalichelewa. Walipigana. Tarehe 26 Desemba, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa siku moja mjini Mankato. Hukumu za kifo zilizopelekwa kwa Lincoln zilikuwa 303. Nyingi alizifuta, hizi akaziacha. Sheria ya mashamba ya bure na orodha ile ya kunyongwa zina sahihi ya mtu mmoja, katika mwaka mmoja, na mtu huyo alikuwa mwenzetu wa cheni.

Wasomaji wengi hudhani wapimaji wale waliwapuuza wenyeji, wakachora nchi kana kwamba ni tupu. Sivyo, na ndiyo maana jambo hili linaniuma. Madaftari yao yalikuwa makini. Penye misitu walichonga alama kwenye miti ya ushahidi na kuandika aina ya mti, unene wake, na umbali wake kutoka kona. Kwenye mbuga zisizo na mti walichimba mashimo, wakarundika udongo na kufukia mkaa chini yake, kwa sababu mkaa hauozi, na anayekuja baada ya miaka hamsini atauchimbua. Mpimaji William Austin Burt alitengeneza dira inayofuata jua badala ya sumaku, na mwaka 1844 kule Michigan sindano za dira za kawaida zilipoanza kuyumba ovyo, kundi lake likagundua kwamba wamesimama juu ya madini ya chuma. Watu wa aina hiyo hawakosi kuona. Walipovuka njia ya wenyeji waliiandika, kwa hesabu ya cheni na pingili kutoka kona. Walipopita katika shamba la mahindi waliliandika. Kisha mstari uliendelea mbele, umenyooka, hadi kona inayofuata.

Naijua hali hiyo. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilipima viwanja pembezoni mwa mji mmoja. Daftarini niliandika: njia ya miguu, kuelekea kisimani. Nikaweka bikoni zangu za mpaka, nikaendelea. Miezi michache baadaye ukuta ulijengwa juu ya ile njia, na akina mama wakawa wanazunguka mwendo mrefu na ndoo kichwani. Nilipoitwa kueleza, nilifungua daftari na kuonyesha kwamba nilikuwa nimeandika kila kitu kwa usahihi.

Kati ya wenyeji, Wacherokee ndio waliofuatwa na cheni mara mbili. Kule Georgia walikuwa na mashamba, katiba yao ya mwaka 1827, maandishi ya lugha yao yaliyobuniwa na Sequoyah, na gazeti lililoanza 1828. Jimbo la Georgia lilipeleka wapimaji, likakata nchi yao vipande vya ekari 160, na vya ekari 40 palipodhaniwa kuna dhahabu, na mwaka 1832 likavigawa kwa bahati nasibu kwa raia wake weupe. Wacherokee walikuwa bado wamo ndani ya nyumba zao. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee. Uamuzi haukuheshimiwa. Chifu wao mkuu, John Ross, alirudi kutoka safari ya Washington mwaka 1835 akakuta nyumba yake ina mshindi wa bahati nasibu. Mwaka 1838 askari waliwatoa kwa nguvu. Waliohamishwa walikuwa kama 16,000, na inakadiriwa 4,000 walikufa makambini na njiani kuelekea magharibi, katika eneo ambalo sasa ni Oklahoma. Waliahidiwa kwamba huko itakuwa yao daima.

Mwaka 1887 ikaja sheria ya Dawes, iliyowataka wenyeji waache kumiliki ardhi kwa pamoja: ekari 160 kwa mkuu wa kaya, 80 kwa mtu mzima asiye na kaya, 40 kwa mtoto, na kinachobaki kiitwe ziada, kiuzwe kwa walowezi. Wacherokee na majirani zao hawakuguswa mwanzoni, lakini sheria nyingine ya 1898 iliwafikia nao. Wanez Perce wa Idaho walipoletewa Alice Fletcher kuwagawia vipande, walimpa jina: Mwanamke Mpimaji. Ardhi ya wenyeji iliyokuwa ekari milioni 138 mwaka 1887 ilibaki milioni 48 ilipofika 1934. Hakuna vita vilivyochukua ardhi kwa utulivu namna hiyo.

Niguse ukame, kisha nimalize. Ekari 160 zinatosha penye mvua. Magharibi ya mbali mvua hazitoshi, na mwanajiolojia John Wesley Powell aliliambia Bunge mwaka 1878 kwamba huko shamba la mifugo linahitaji ekari 2,560 na mipaka ifuate maji, si miraba. Hakusikilizwa. Mbuga zililimwa kwa miraba ile ile, na tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilifunika Oklahoma na Texas mchana ukawa usiku.

Hata dunia yenyewe ilikuwa ikiwakatalia. Ni mviringo, na mistari inayokwenda kaskazini hukaribiana kadiri unavyopanda, kwa hiyo miraba haiwezi kukaa sawa. Wapimaji walilazimika kuanza upya kila baada ya umbali fulani. Ukiendesha gari katika barabara iliyonyooka kama uzi kule Kansas au Iowa, ghafla utakutana na kona isiyo na kilima wala mto. Hapo ndipo hesabu ilipogoma.

Na bado mambo hayajaisha. Tarehe 9 Julai 2020 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba hifadhi ya Wacreek, yaani nchi ambayo wenyeji hao walitengewa kwa mkataba mashariki mwa Oklahoma, haijawahi kufutwa na Bunge, ingawa ilikatwa vipande na kuuzwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya jinai ya Oklahoma ikasema hivyo hivyo kuhusu Wacherokee. Ardhi haikurudi, viwanja vimebaki vya wenye hati. Ila mpaka wa nje, ule wa mikataba, bado umesimama kisheria chini ya vipande vyote hivyo, na sehemu kubwa ya jiji la Tulsa imo ndani yake. Mwendesha mashtaka wa huko leo, kabla ya kufungua jalada, hana budi kuuliza kosa limetendeka upande gani wa mstari huo, na kama mtuhumiwa ni mwenyeji au la.