Saratani ya mbwa ina faida gani kwa tiba ya binadamu?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama si ubadhirifu kuchunguza saratani ya mbwa wakati wagonjwa wetu wenyewe wanahangaikia matibabu. Kwa kuwa kazi yangu ni kutibu wanyama hapa Moshi, naomba nijibu.

Panya wa maabara mara nyingi hupandikizwa saratani baada ya kinga yao kudhoofishwa makusudi. Mbwa wa nyumbani huugua mwenyewe, akiwa na kinga yake, akivuta moshi uleule na kunywa maji yaleyale ya familia anayoilinda, na kwa kuwa maisha yake ni mafupi, matokeo ya dawa huonekana mapema kuliko kwa binadamu. Ndiyo maana tangu mwaka 2003 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ina mpango wa kuwashirikisha mbwa wagonjwa katika majaribio ya dawa, kwa ridhaa ya wenye mbwa hao. Saratani ya mifupa, ambayo ni adimu kwa binadamu na huwapata zaidi vijana, ni ya kawaida kwa mbwa wenye maumbo makubwa, na mbinu za kuondoa uvimbe bila kukata mguu zimenufaika sana na upasuaji wa mbwa hao.

Hapa kwetu ninachokutana nacho zaidi ni uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana. Mwenye mbwa huja akidhani jike wake yuko kwenye joto (kipindi cha kutaka dume) lisiloisha, kumbe ukifunua uke wake unakuta nyama iliyochanua kama koliflawa, inayotoa damu hata ikiguswa na pamba. Tunachoma sindano ya vinkristini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki, kwa uangalifu mkubwa, maana ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama; wengi hupona. Dawa hiyohiyo hutibu watoto wenye saratani ya damu. Uvimbe huu haumwambukizi binadamu (msije mkawafukuza mbwa wenu), ila seli zake hai zimehama kutoka mbwa hadi mbwa kwa maelfu ya miaka, zikificha alama ambazo kinga huzitumia kumtambua mgeni. Saratani nyingi za binadamu hujificha kwa njia inayofanana na hiyo.

Sisemi kwamba kilichomponya mbwa lazima kimponye mtu. Kinachonisikitisha ni kwamba mbwa wetu wengi huzikwa nyuma ya nyumba bila kuchunguzwa. Wako akiota uvimbe, mwombe daktari akate kipande, akihifadhi kwenye fomalini (dawa ya kuzuia kisioze) na kukipeleka maabara ya patholojia, inakochunguzwa nyama yenye ugonjwa, kikiambatana na umri, jinsia na mahali mbwa anapoishi.