Jirani mwenye jenereta kambini kando ya ziwa: jibu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada ameeleza kwamba alikwenda na familia yake kulala ndani ya gari kwenye kambi moja ya Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, akakuta eneo limejaa vizibo vya chupa na majivu ya waliotangulia, kisha jirani akaunguruma na jenereta hadi saa sita usiku, na sasa anauliza kama alipaswa kumgombeza au kuhama. Ninajibu kama mtu ambaye kwa miaka sita amekuwa akilala ndani ya Hiace iliyong'olewa viti vya nyuma na kuwekwa kitanda cha mbao, kati ya Kayenze, Magu na Lamadi. Kwa niliyoyaona, ugomvi wa usiku huanzia saa kumi jioni, pale unapochagua mahali pa kuegesha.

Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukaelekea ziwani. Wengi wetu hufika mchana, tukakimbilia ukingo wa maji kwa ajili ya kupunga upepo na kutazama machweo, bila kufikiri kwamba giza likiingia, moshi na kelele za walioegesha nyuma yetu vitashuka moja kwa moja hadi tulipo. Siku hizi natafuta jabali kwanza. Huku kwetu mawe si haba, na jiwe lenye ukubwa wa nyumba likisimama kati yako na spika ya jirani, muziki wake hubaki mvumo wa mbali. Usiliegemee sana, kwa sababu hutunza joto la mchana na kulitoa usiku, na asubuhi pimbi wa kwenye nyufa watatoka kukukagua kama maofisa wa forodha. Vilevile, kabla ya kuzima injini, shuka utazame nyasi: ukiona njia yenye mifereji miwili sambamba inayopanda kutoka majini, hiyo ni njia ya viboko wanaokwenda malishoni usiku, nao hawaombi kupishwa.

Kuhusu jenereta lenyewe, mwaka juzi nilipata mkasa unaofanana na wako, upande wa Magu. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja aliyevuta karavani, yaani nyumba ya magurudumu, na jenereta lake liliwaka tangu magharibi. Nilijigeuza kitandani hadi saa tatu na nusu, hasira ikipanda, kisha nikatoka. Niliinamisha tochi isimmulike usoni, nikapiga hodi nikiwa mbali, nikamwamkia shikamoo, halafu badala ya kulalamika nikamuuliza jenereta linaendesha nini. Akanijibu, "Mwanangu, betri imekufa, na nikizima sato wangu wataharibika." Kumbe naye hakuweza kulala! Nilikuwa na boksi la barafu niliyonunua asubuhi mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, likiwa nusu tupu. Tukawahamishia sato humo, mmoja baada ya mwingine, akazima mashine. Ukimya ulioshuka ulikuwa wa ghafla kiasi kwamba tulisikia maji yakigonga mawe. Ninachojutia ni kwamba sikwenda saa kumi na mbili, kumsalimu tu, kwani jambo hilo lingekwisha kabla ya chakula cha jioni.

Mwenye muziki na kreti ya bia ni jambo jingine, na sikushauri umwendee peke yako baada ya saa nne. Huyo ni kazi ya msimamizi. Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele za mwaka 2015, lakini usiku wa manane hakuna ofisa wa mazingira atakayekufikia kambini. Kinachokulinda ni swali unaloliuliza getini kabla ya kulipa, yaani jenereta na muziki huzimwa saa ngapi, na nani hupita kuhakikisha. Ukijibiwa kwamba wateja huelewana wenyewe, geuza gari.

Uchafu ulioukuta ni haki yako kuulalamikia, ila mimi hubeba fagio la chelewa na gunia, na nusu saa ya kwanza huwa ya kusafisha, wanangu wakiokota vizibo. Kazi hiyo huwaleta majirani karibu kuliko hotuba yoyote, na mara mbili nimeona mwenye gari la pili akishika gunia lake. Mkaa umwagie maji, uukoroge kwa kijiti, umwagie tena, hadi uweze kuushika kwa kiganja. Masalia ya samaki usiyaache nje, maana alfajiri utaamshwa na makorongo wakigombea vichwa vya sato. Maji ya vyombo yenye sabuni uyamwage mbali na ziwa. Mimi hutumia kipimo cha mita 60 ambacho Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekiweka kwa shughuli za ufukweni. Choo ndicho kikubwa zaidi: mayai ya kichocho cha tumbo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu, kwa hiyo anayejisaidia kwenye matete huwaandalia ugonjwa watoto watakaooga hapo wiki zijazo. Kama kambi haina choo kinachofaa, usilale hapo.

Zipo kelele ambazo hutaziondoa, nazo ni mashine za mitumbwi ya wavuvi wa dagaa, wanaotoka jioni na kurudi alfajiri. Wao wako kazini. Hata hivyo huvua kwa taa na huhitaji giza, ndiyo maana siku za mbalamwezi wengi wao hupumzika na ufukwe hutulia. Ukipanga safari nyingine, tafuta wikiendi iliyo karibu na mwezi mpevu.