Nguzo fupi mteremkoni: udongo unapozidi kuishika

SWALI: Ninajenga nyumba mteremkoni Kadutu, hapa Bukavu. Kati ya ardhi na sakafu, nguzo za upande wa juu zina mita 1, za upande wa chini mita 2. Fundi anasema za juu hazihitaji vyuma vingi kwa sababu udongo unazishika. Ni kweli?
Msomaji, Bukavu

JIBU: Kwa uzito wa nyumba peke yake, fundi ana haki. Nguzo iliyobanwa na udongo mgumu haijikunji. Inayosimama hewani ndiyo hujikunja. Lakini Bukavu ardhi hutikisika, tuliona tarehe 3 Februari 2008, na hapo hesabu inageuka.

Tetemeko likisukuma sakafu, nguzo zote husogezwa kiasi kilekile. Ile ya mita 2 inapinda kidogo. Ya mita 1, yenye unene uleule, ni ngumu mara 8, basi inabeba nguvu mara 8 na kupasuka mshazari. Hiyo fupi ndiyo ifungwe pete za chuma zenye unene wa milimita 8 kila sentimita 10, toka chini hadi juu, ncha zikunjwe ziingie ndani kabisa ya beto (zege). Njia nyingine, nzuri zaidi: shusha kitako chake, yaani msingi mpana unaoibeba, mita 1 zaidi, uache nafasi ya sentimita 5 kuizunguka nguzo, iliyofunikwa juu isijae udongo. Urefu wake huru utalingana na wa wenzake.

Upande wa chini, jihadhari na udongo uliomwagwa wakati wa kusawazisha kiwanja. Mvua ikiushusha, unaikamata nguzo na kuivuta nao; uhesabuni kama mzigo, kamwe si kama egemeo. Chimbeni: mkikuta makaa, vipande vya tofali au mifuko ya plastiki, bado hamjafika. Endeleeni hadi udongo mwekundu wa asili, kisha muingie humo angalau nusu mita.

Upana wa kitako hutegemea udongo huo. Nguzo inayobeba tani 20, kwenye udongo unaovumilia tani 15 kwa mita ya mraba, inataka mita za mraba 1,33: kitako cha mita 1,20 kwa 1,20 kinatosha. Udongo ukivumilia tani 8 tu, ni mita 1,60 kila upande. Kipimo hicho akitoe injinia aliyeona shimo lenu, kisikisiwe.

Vitako vyote viunganishwe kwa mihimili ya beto, na mfereji upite upande wa mlimani, juu kuliko nyumba. Ila kama mlima wenyewe unatembea, kama sehemu za Funu hapa Bukavu, miti ikiwa imeinama na ardhi ina nyufa za upinde, hakuna nguzo ya nyumba itakayouzuia. Hapo msijenge.