Unaanza utafiti wa wahamiaji katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya? Soma hapa kwanza

Wengi hukwama kwenye swali la kwanza kabisa: "Mzee, mlihamia hapa mwaka gani?" Mzee hatakunyima jibu. Atataja 1970 au 1980, mwaka wa kukadiria tu, nawe utaandika. Uliza kwa matukio: mlifika kabla ya Operesheni Vijiji? Wachina wa reli ya TAZARA mliwakuta bado wanajenga (1970 hadi 1975)? Kisha uliza mtoto wa kwanza kuzaliwa hapa ni yupi, na uombe kuona kadi yake ya kliniki au cheti cha ubatizo. Tarehe hiyo ndiyo kikomo: hawakufika baada yake.

Barua ya chuo ya kukutambulisha hupita mkoani, wilayani Mbarali, kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji, ndipo mwenyekiti wa kitongoji akutembeze. Ukiruka ngazi moja utadhaniwa umetumwa kuhesabu mifugo, na tangu wafugaji waondolewe bondeni mwaka 2006 hilo si jambo dogo. Idadi ya ng'ombe usiiulize kabisa; utaambiwa ni wa shemeji. Uliza nani anachunga na kiangazi wananywea wapi, zizi utaliona mwenyewe.

Penye mtego mkubwa ni maji. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993. Wakulima watakuambia ni ng'ombe wa Wasukuma, wafugaji watakuonyesha mifereji. Usiegemee upande. Panga miaka kwenye karatasi moja: mpunga wa umwagiliaji ulioenezwa na Wabaluchi (wahamiaji wenye asili ya Baluchistan, Asia), shamba la serikali la Mbarali na Wasukuma wengi walioingia kuanzia miaka ya 1970, halafu shamba la mpunga la Kapunga. Mto ulikauka baada ya yote hayo kurundikana, kwa hiyo anayemtaja mkosaji mmoja muulize tarehe. Na tembea mferejini mwezi wa Oktoba, mpunga ukiwa umeshavunwa: mlango wa mfereji ukiwa wazi na maji yanapotelea majanini, umepata kitu ambacho mahojiano yasingekupa.

Kwa takwimu, sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Kuanzia ya 1978 utategemea mahali pa kuzaliwa, na hapo mtoto wa Msukuma aliyezaliwa Ubaruku, huko Mbarali, anahesabiwa mzaliwa wa mkoa, ingawa jirani bado anamwita mgeni. Sensa hizo mbili usiziweke kwenye jedwali moja.