Kwa nini pumu ya mkeo haifanani na ile uliyokuwa nayo utotoni

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba pumu iliyokutesa utotoni ilikuachia ulipofika sekondari, ilhali mkeo alianza kubanwa kifua akiwa mtu mzima na humzidi siku chache kabla ya hedhi, hata wapo ndugu wanaosema anadeka. Hadeki. Mimi ni mwanamke mwenye pumu, nimelelewa Tanga nyumba moja na kaka mwenye pumu, na hayo yote mawili nimeyaona kwetu.

Utotoni wavulana ndio wanaougua zaidi, na sababu mojawapo ni kwamba njia zao za hewa huwa nyembamba zikilinganishwa na ukubwa wa mapafu yao. Kwetu kaka ndiye aliyekuwa akikaa kitako usiku kifua kikilia kama filimbi, nami nikilala fofofo. Balehe iligeuza mambo: yeye alianza kumaliza mechi nzima uwanjani, mimi nikabanwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha tatu. Miongoni mwa watu wazima, wanawake ndio wenye pumu kwa wingi na ndio wanaolazwa zaidi kwa ajili yake. Homoni zinahusika, kwani testosteroni, homoni ya kiume, inaonekana kupunguza uvimbe wa njia za hewa, ilhali kupanda na kushuka kwa homoni za kike, estrojeni na projesteroni, huwafanya baadhi ya wanawake wazidiwe karibu na siku zao.

Kwa hiyo mkeo aweke kalenda. Kila siku aandike kama amekohoa usiku, amevuta dawa mara ngapi na hedhi imeanza lini, kisha aende nayo kliniki baada ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu daktari anayemwona siku kifua kimetulia hawezi kuujua mwenendo huo kwa kumsikiliza mapafu tu. Akipewa kile kifaa kidogo cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi, asilinganishe namba zake na zako: kiwango kinachotarajiwa hutegemea jinsia, umri na urefu.

Liko jambo jingine ambalo wanaume wengi hawalifikirii. Maumivu ya tumbo la hedhi huwafanya wanawake wanunue diklofenaki au ibuprofeni dukani bila kuuliza, na kwa baadhi ya wenye pumu dawa za jamii hiyo, pamoja na aspirini, huweza kuleta shambulio kali. Muulize anameza nini siku hizo. Parasetamoli kwa kawaida huvumilika vizuri zaidi, lakini hilo nalo alithibitishe kwa daktari wake.

Moshi wa jikoni sina haja ya kuueleza sana. Anayepuliza kuni ndiye anayeuvuta. Wanaume nao wana vumbi lao. Kaka yangu, aliyedhani amepona kabisa, alirudiwa na pumu alipoanza kazi katika karakana ya useremala, na kwa muda mrefu alituambia ni uchovu tu, maana kwa wanaume wengi kukiri kwamba pumzi haitoshi ni aibu. Nawe basi usijihesabu umepona moja kwa moja, hasa kama kazi yako ni ya saruji, unga au mbao.

Mkipata ujauzito, mjue kwamba takriban theluthi moja ya wenye pumu hupata nafuu, theluthi huzidiwa na waliobaki hukaa vilevile. Nilipokuwa mjamzito nilishauriwa na jirani niache dawa ya kuvuta ili nisimdhuru mtoto. Sikuiacha, na mkunga aliniunga mkono: pumu isiyotulizwa humnyima mtoto oksijeni, na hatari hiyo ni kubwa kuliko ya dawa yenyewe.

Hukusema anatumia dawa gani. Kama ni salbutamol peke yake, arudi hospitali mapema, kwa kuwa tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa kutibu pumu, uitwao GINA, haushauri mtu mzima aitegemee hiyo tu. Salbutamol hufungua njia za hewa kwa saa chache, lakini uvimbe hauuondoi. Anahitaji dawa ya kuvuta yenye steroidi, ambayo ndiyo hutuliza uvimbe huo, na aitumie kama alivyoelekezwa hata katika zile wiki ambazo kifua hakimsumbui.